Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: karakana, ada na mashine namba 7

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze chama chetu cha kutunza mashine za zamani za pinboli, ule mchezo wa gololi inayorushwa juu ya ubao wenye mteremko, kimefika wapi. Nasimama kwa moyo mkunjufu. Shughuli za kawaida nitazipitia haraka kwa sababu mlizishuhudia, au mngezishuhudia kama mngefika.

Jioni za karakana ziliendelea kwa ratiba. Siku ya wazi ilifanyika, mashindano ya ndani yalifanyika, kamati ya utendaji ilikaa na mihtasari yote ipo kwa katibu. Mbao za kuchezea za mashine zote zinazofanya kazi zimesafishwa na kupakwa nta, na ringi za mpira zilizokauka zimetolewa. Mashine zilizotujia na waya wa ukutani wa nyuzi mbili tu, bila waya wa ethi, sasa zote zina nyuzi tatu. Hili la ethi nililisimamia mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sitaki mtoto wa mtu aegemee mlango wa chuma wa mashine ya miaka ya 1960 wakati ndani kuna waya ulioachia.

Kwa mujibu wa daftari tuna mashine 11: zinazocheza ni 7, zilizo mezani ni 2, ambayo haijaguswa ni 1, na iliyobaki ni ile namba 7 ambayo najua ndiyo iliyowaleta baadhi yenu leo. Nitaifikia.

Kuhusu siku ya wazi niseme jambo moja. Niliombwa kuzungumza na wageni, nikawaeleza kwamba pinboli za mwanzo hazikuwa na flipa, vile vikono vya kuipigia gololi isidondoke. Gololi ikisharushwa, mchezaji alibaki kuitazama na kuisukumasukuma mashine. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ikatoa Humpty Dumpty, kazi ya mbunifu Harry Mabs, ikiwa na flipa sita za umeme, tatu kila upande. Kuanzia hapo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, bodi za kielektroniki zilipotawala, mchezo mzima uliendeshwa kwa koili (waya uliozungushwa ambao umeme ukipita huvuta chuma), rilei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), mota na swichi. Hakuna chipu, hakuna programu; kumbukumbu yote ya mchezo ni vyuma vinavyosogea. Huo ndio urithi tunaoutunza.

Nikawasimulia pia habari ya New York. Mji ule ulipiga marufuku pinboli tangu miaka ya 1940 kwa madai kwamba ni kamari. Mwaka 1976 Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji hodari wa pinboli, akaenda kucheza mbele ya madiwani ili kuonyesha kwamba ni mchezo wa ustadi. Kulikuwa na mashine mbili, na diwani mmoja mwenye mashaka akataka itumike ile ya akiba. Sharpe akataja njia ambayo gololi itapita, akavuta fimbo ya kurushia, na gololi ikapita palepale. Marufuku ikaondolewa mwaka uleule. Nawaomba mkumbuke hiyo mashine ya akiba: ilikuwa inafanya kazi. Ingekuwa imekaa pale kama pambo tu, hoja ingekufa.

Sasa mashine namba 7.

Yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba kamati imechinja mashine nzima, kwamba wanachama hawakushirikishwa, na hata kwamba vipuri vimeuzwa kwa siri. Nilinyamaza miezi kadhaa kwa sababu mwenyekiti hajibizani na maneno ya pembeni. Lakini huu ndio mkutano halali, na hapa nitajibu.

Uamuzi wa kuifungua mashine ile na kugawa vipuri vyake ulipitishwa na kamati ya utendaji kwa kura, na kura yangu ilikuwa moja tu kati ya kura zile. Kifungu cha mali za chama kinaipa kamati madaraka hayo, kisomeni. Hata hivyo, kabla ya kupiga kura niliagiza iwekwe siku ya ukaguzi, mashine iwe wazi, kila mwanachama aje aione na aseme lake. Tangazo lilitoka mapema. Wanachama waliofika, ukiondoa kamati, walikuwa 4. Wote wanne waliunga mkono. Wanaolalamika leo hakuna hata mmoja aliyekanyaga pale siku hiyo.

Wale wanne waliona nini? Mashine ilikuwa imekaa kwenye maji kabla haijafika kwetu. Ubao wa kuchezea ni mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, na tabaka zile zilikuwa zimeachana kiasi kwamba kisu cha bapa kiliingia katikati bila kusukumwa. Pale zinapowekwa taa, plastiki za rangi zilikuwa zimezama kwa upande mmoja, gololi ikipita inaruka. Ubao wa chini ya sanduku, unaobeba mota ya alama na safu ya rilei, ulikuwa umevimba na kupinda, kwa hiyo kamu za mota, yaani visahani vyenye vijino vya kusukuma swichi, zilizunguka bila kuzifikia swichi zake. Kioo cha juu ndicho kilichoniumiza zaidi. Picha ya kioo cha namna hii huchapwa kwa nyuma, rangi juu ya rangi, na ikishabanduka hairudi. Tulipokitoa, nusu ya uso wa mchoro ilibaki chini ya kabati ikiwa magamba. Vipande vilivyobaki kwenye kioo tumevigandisha kwa dawa ya kupulizia, kioo kimehifadhiwa kimesimama wima, mbali na joto, na hakuna anayeruhusiwa kupitisha kitambaa upande wa rangi.

Lakini maji hayakufika kichwani, yaani kwenye kisanduku cha juu kinachoonyesha alama. Mashine ile ilikuwa ya wachezaji wanne, na kule juu kulikuwa na magurudumu ya alama 16, manne kwa kila mchezaji, pamoja na koili zake, springi zake na swichi zake, yote makavu. Watengenezaji wa wakati ule walitumia gurudumu lilelile na rilei ileile katika mashine nyingi za kipindi kimoja. Tuna mashine mbili za kampuni hiyohiyo, moja ya mchezaji mmoja na nyingine ya wachezaji wawili, ambazo zilikuwa zimelala kwa kukosa vitu hivyohivyo. Leo zote mbili zinacheza. Namba 7 isingecheza hata tungeifanyia kazi kwa miaka, kwa sababu ilihitaji ubao mpya, sanduku jipya na kioo kipya, na ukishaweka hivyo vyote umehifadhi nini?

Wapo waliosema kwamba mashine ya wachezaji wanne ina thamani zaidi kwa sababu ni kubwa. Kwa heshima zote, anayesema hivyo hajafungua mashine zote mbili akazilinganisha. Katika zama za rilei, kukumbuka hali ya kila mchezaji kulidai rilei na stepa (vifaa vya kuhesabu hatua kwa hatua) nyingi zaidi, kwa hiyo mashine za wachezaji wengi kwa kawaida zilirahisishwa kanuni zake: mengi uliyoyawasha kwa gololi moja huzimwa kabla ya gololi inayofuata. Ya mchezaji mmoja inaweza kukumbuka ulichokianza kwa gololi ya kwanza hadi ukakimalizia kwa ya tano. Ndiyo maana wapenzi wa mchezo huu huipenda, na ndiyo maana niliipigania ile yetu iamke.

Nitoe mfano mmoja wa kazi iliyofanyika, kwa sababu naona watu wanadhani tulikuwa tunang'oa tu. Mashine ya mchezaji mmoja ilikuwa na ugonjwa: ukigonga shabaha ya alama 500, unapata 400. Kila mtu alikuwa na maoni yake, wengi wakaisingizia mota. Nikawaambia wasikilize kengele. Katika pigo la alama 500 mota huzungusha kamu zake, kamu hufunga swichi mara tano, na kila ikifunga, rilei ya mamia hupiga kengele na kulisogeza gurudumu hatua moja. Kengele ilikuwa inalia mara tano kamili. Basi mota haina kosa wala rilei haina kosa. Kosa liko kwenye gurudumu lenyewe. Tukalitoa, tukakuta mtu wa zamani alilimiminia oili, oili ikaganda na vumbi, na jino la kusukumia limelika. Likaingia gurudumu kutoka namba 7, limesafishwa na kuachwa kavu. Alama 500 sasa ni 500. Kosa nililigundua mimi, lakini aliyelifunga gurudumu kwa mikono yake ni kijana wetu wa karakana, na nampongeza hadharani.

Kuhusu kuuza, hakuna hata skrubu moja iliyouzwa. Kila kipuri kimeandikwa daftarini kilikotoka na kilikokwenda. Nyaya za namba 7, ambazo zina mavazi ya nguo yenye rangi zinazolingana na mchoro, zilipigwa picha fundo kwa fundo kabla ya kukatwa, na mchoro wa nyaya wenyewe umehifadhiwa. Daftari lipo mezani kwa mweka hazina. Anayetaka kulikagua akague leo, kisha aache kuzungumza vichochoroni.

Nikiwa hapohapo kwenye nidhamu ya karakana, kuna mwanachama ambaye sitamtaja aliyebadilisha fyuzi iliyokatika akaweka kubwa zaidi ili "isisumbue". Koili ya flipa ina waya wa aina mbili, mnene wa kupiga na mwembamba wa kushikilia. Flipa ikifika mwisho wa mwendo, kiswichi kidogo hufunguka na ndipo ule mwembamba unapoingia kazini kupunguza umeme. Kiswichi kile kilikuwa kimekwama kimefunga. Fyuzi ilikuwa inakatika ili itueleze hivyo. Fyuzi kubwa ikanyamaza, koili ikaungua, na moshi ukatanda karakana nzima. Kuanzia sasa fyuzi zinakaa kwenye droo iliyofungwa na ufunguo ninao mimi. Nasikia baadhi wanaita huo ni udikteta. Sawa, lakini koili nzima tunazo. Vilevile ncha za fedha za swichi hazisuguliwi kwa msasa wa mbao. Tupa nyembamba zipo, na nimeonyesha mara nyingi zinavyotumika. Taa za kichwani tunaweka aina ya 47 badala ya 44, kwa sababu 47 inavuta ampea 0.15 wakati 44 inavuta 0.25, na joto likipungua rangi ya kioo inaishi. Mjadala huo naomba tusiufungue tena.

Sasa nije kwenye mahudhurio, na hapa nitasema bila kuzunguka. Wanachama kwenye daftari ni 46. Jioni ya karakana wanakuja wale wale sita, na mimi nikiwa mmoja wao. Mkutano mkuu uliopita ulisubiri akidi hadi watu wakaanza kuondoka. Siku ya mashindano, ajabu, ukumbi hujaa. Mashine inayocheza siku ya mashindano ilifunguliwa na mtu usiku wa siku nyingine. Stepa yake ilisafishwa, swichi zake zilirekebishwa nafasi moja baada ya nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole sita haviwezi kutunza mashine 11. Nimejitahidi kubadilisha siku, nimejitahidi kuwapigia simu, nimeandaa mafunzo ya kusoma mchoro wa nyaya ambayo yalihudhuriwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa amekosea siku. Inaumiza, kwa sababu ujuzi huu hauko shuleni. Usipouchukua kwa anayeujua wakati yupo, hutaupata.

Ada. Kati ya wanachama 46, waliolipa kamili ni 19, waliolipa nusu ni 8, na ambao hawajalipa kabisa ni 19. Maelezo ya mapato na matumizi yatasomwa na mweka hazina, mimi sitayarudia, ila jumla yake ni kwamba tumetumia karibu chote kilichoingia, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye pango la karakana, ringi, mirija ya nailoni ya kuwekea ndani ya koili na taa. Baadhi ya wanaopiga kelele kuhusu namba 7 wapo kwenye lile kundi la mwisho la 19. Katiba inasema asiyelipa hana kura. Mwaka huu kamati iliwavumilia kwa ubinadamu. Mwaka ujao nitapendekeza kifungu kitekelezwe kama kilivyoandikwa.

Kuhusu mipango, tunatarajia mashine mbili zilizo mezani ziamke, Mungu akipenda, na ile ambayo haijaguswa ifunguliwe hali ikiruhusu. Tunafikiria kuwa na darasa la vijana. Tunafikiria pia kupata chumba chenye hewa kavu zaidi kwa ajili ya vioo, na mazungumzo ya awali yameanza. Tungependa kuongeza siku za wazi. Yote yatategemea ada na watu.

Naishukuru kamati ya utendaji kwa kusimama nami katika mwaka mgumu, namshukuru katibu kwa mihtasari na mweka hazina kwa subira. Karatasi ya zamu za karakana ipo mlangoni; ina nafasi nyingi tupu. Mapendekezo kuhusu namba 7 yapokelewe kwa maandishi, yakiwa na jina na sahihi ya anayependekeza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti