Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chembe za Plastiki Katika Tope la Milango ya Mito

Ndugu wanachama,

Wengi mlitarajia taarifa hii iwaletee idadi: chembe ngapi za plastiki zimo katika kila kilo ya tope kavu la milango ya mito Kiwira na Mbaka, inapoingia Ziwa Nyasa kule Kyela. Kamati imeamua kutoitangaza idadi hiyo mwaka huu, na dhamana ya uamuzi huo naibeba mimi. Sababu nazieleza kwa kirefu kwa kuwa ndizo kazi yenyewe ya mwaka.

Tatizo la kwanza ni nguo. Tunatafuta chembe za chini ya milimita 5, na mara nyingi sehemu kubwa yake ni nyuzi. Maabara ilifanya kazi Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwa kali, watu wamevaa sweta na jaketi za polista. Sampuli tupu, yaani maji safi yaliyopitishwa hatua zote bila tope, zikatoka na nyuzi zilezile za buluu na nyeusi tulizohesabu kwenye tope. Hapo hakuna hesabu ya kuaminika. Sasa kila anayeingia atavaa koti la pamba la rangi ya chungwa, ili uzi wake ukidondoka ujulikane. Karatasi ya chujio yenye unyevu itaachwa wazi mezani muda wote wa kazi, ionyeshe kinachoanguka kutoka hewani. Huko ufukoni, mchukua sampuli asimame pale upepo unakoelekea, si unakotoka, na kamba za manila za mitumbwi zisiguse chombo.

La pili ni chumvi, ambayo maji yake ndiyo tunayotumia kuielesha plastiki ili itengane na tope. Maji ya chumvi iliyokolea, gramu 360 kwa lita, hufikia gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Mfuko wa polithini na salfeti ya polipropilini ni nyepesi hata kuliko maji ya kawaida, hivyo huelea. Plastiki ya chupa za maji ina gramu 1.38, nayo huzama pamoja na mchanga. Tulipojipima kwa kuchanganya kwenye tope vipande 20 vya kila aina, vya salfeti na kiriba (mfuko wa polithini wa kuoteshea miche) vilipanda, vya chupa vikabaki chini. Kwa hiyo idadi yetu ingekuwa pungufu, tena pungufu kwa upande mmoja tu, jambo ambalo ni baya zaidi. Dawa yake ni mzunguko wa pili kwa kloridi ya zinki ya gramu 1.5 hadi 1.6. Hiyo hula ngozi na ni sumu kwa samaki: vaeni glavu na miwani, ichujwe na kutumika tena, isimwagwe kwenye mtaro kamwe. Kila mara ipimwe kwa haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika, maana tope lisilokauka vizuri huizimua. Na chumvi yenyewe ichujwe kabla ya matumizi. Huja ndani ya plastiki, nayo ina chembe zake.

Kukausha tope kusizidi nyuzi joto 50. Moto mkali hukunja plastiki, na udongo wa mfinyanzi hugeuka tofali.

La tatu ni la kwetu hasa, wala halimo katika miongozo iliyoandikwa kwa fukwe za bahari. Kiwira hushuka kutoka Rungwe, na mlipuko wa miaka 4,000 hivi iliyopita uliacha huko mawe mepesi ya volkano, yale ya kusugulia miguu. Punje zake huelea kwenye chumvi, na chini ya hadubini hufanana sana na povu la plastiki. Pumba za mpunga wa Kyela nazo huelea. Zina silika nyingi, haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuondoa mabaki ya mimea, huzifanya nyeupe tu bila kuzimaliza. Sindano ya moto ndiyo mwamuzi: plastiki huyeyuka au kujikunja, jiwe halibadiliki, pumba huungua. Kila chembe yenye shaka iguswe sindano, hata kama inachosha.

Wanachama wa Iringa waliomba safari ya delta ya Rufiji. Hamu yenu naielewa, lakini ushauri wangu ni kuanzia Mtera. Ruaha Mdogo hupita Iringa na kuingia Ruaha Mkuu juu ya bwawa hilo, na maji yakitulia tope hukaa hapo. Mbele yake kuna bwawa la Kidatu, kisha Bwawa la Julius Nyerere, nayo huzuia tope kabla halijafika delta. Isitoshe, delta ina maji ya chumvi yanayogandisha mfinyanzi na mikoko inayopunguza kasi ya maji. Matokeo ya Nyasa, ziwa la maji baridi, hayawezi kuhamishiwa kule.

Kwa wenye vitalu vya misonobari na parachichi: misonobari ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba miche 1,111, yaani viriba 1,111. Vikiachwa kando ya mashimo, jua huvifanya vikavu vya kupukutika, na masika huvipeleka mtoni. Vihesabiwe vinapoingia shambani na vinapotoka.

Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina.

Tope lililobaki limehifadhiwa kwenye chupa za kioo, mifuniko ikiwa na karatasi ya alumini chini yake. Litapimwa upya kwa njia hii mpya, na idadi itatangazwa pale tu angalau vipande 18 kati ya 20 vya kila aina vitakaporudi, vya chupa vikiwemo.

Mwenyekiti