Wito wa Harambee: Tuirudishe Miti ya Asili Juu ya Chemchemi ya Shule

Ndugu wazazi, wahitimu wetu mlioko Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, viongozi wa dini na wapenda maendeleo wote,

Kwa heshima, tena kwa kuona haya kiasi maana ni juzi tu mlituezekea madarasa mawili, tunabisha hodi kwenu kwa mara nyingine. Chemchemi inayoihudumia shule yetu, huku Usambara Mashariki, siku hizi hukauka kabla kiangazi hakijaisha. Watoto wa darasa la tatu hufika asubuhi na madumu ya lita tano, huteremka bondeni hadi kwenye kidimbwi kilichosalia, na huchota kwa kikombe, polepole, ili tope lisitibuke. Wa mwisho kwenye foleni huingia darasani kipindi cha pili kikiwa kimekwisha.

Chanzo tunakifahamu. Mteremko ulio juu ya chemchemi ulikuwa msitu mnene, hadi wazee wetu walipofyeka miti ya chini ili kupanda iliki kivulini. Iliki ilitulipia ada na kutujengea nyumba, kisha udongo ukachoka, ukafuata mhogo, na mwishowe shamba likaachwa. Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike kupanda ilhali mlima umekuwa kijani tena. Kijani hicho ni muhesi, yaani Maesopsis eminii, mti wa upande wa Uganda na Ziwa Victoria ulioletwa Amani, huku huku Usambara Mashariki, wakati wa ukoloni. Ndege aina ya hondohondo hula matunda yake na kuzisambaza mbegu kila palipo na uwazi, na mti huo hukua haraka kuliko miti ya kwetu. Lakini majani yake huoza upesi, ardhi iliyo chini yake hubaki tupu, na mvua za masika huikokota hadi mtoni. Kwa sababu hiyo hatuombi fedha za mikaratusi, ingawa miche yake ni rahisi kupatikana. Tunataka miti ya asili ya hapa, yaani mnyasa, msambu na mtambaa, na kati ya hiyo ipo isiyoota kwa asili popote duniani nje ya milima hii na jirani zake.

Miti hiyo inadai subira. Mbegu ya msambu huweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuchipua, na ya mnyasa, bapa na yenye utando mwembamba, hupoteza uhai upesi, hivyo ni lazima ipandwe ingali mbichi. Kitalu tumekwishakianza nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu, ambapo wanafunzi wa darasa la sita hujaza viriba kwa udongo wa msituni na kuifunika miche kwa majani makavu ya mgomba. Kinachotushinda ni viriba vya kutosha, wavu wa kivuli, bomba la kumwagilia na, zaidi ya yote, posho ya vijana wa palizi kwa miaka mitatu, kwa kuwa mche uliopandwa na kuachwa kwenye magugu ni fedha iliyotupwa. Jumla ni shilingi 6,800,000.

Ndugu zetu wa Tanga mjini, tunawaomba kwa namna ya pekee. Maji mnayofungulia bombani hutoka Mto Zigi, unaokusanya vijito vya milima hii kabla ya kufika Bwawa la Mabayani. Imamu na mchungaji wetu wamekwisha kutoa, na akina mama wasio na fedha wameahidi siku za kazi. Haitapendeza wanaokunywa maji hayo wakiwa mbali wawe wa mwisho kunyoosha mkono.

Harambee itafanyika uwanjani pa shule Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa nne asubuhi, ili tupande mvua za vuli zikianza. Asiyeweza kufika atume mchango wake katika akaunti ya shule kupitia kwa mweka hazina. Kila mchango utakatiwa stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa katika mkutano mkuu wa wazazi pamoja na idadi ya miche iliyopona na iliyokufa. Mwenyezi Mungu awazidishie pale mtakapopunguza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Kamati ya Shule