Plagi ya ziada ya pikipiki sio ya kubeba amplifaya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wanaofunga muziki kwenye pikipiki, maana kosa nililofanya mimi naona watu wanazidi kulirudia.

Pikipiki nyingi zinakuja na plagi ndogo ya vifaa vya ziada, iko chini ya siti au nyuma ya taa ya mbele, ukiwasha swichi inapata moto ukizima inakata, mtu akiiona tu anasema amplifaya inakaa hapahapa. Hata mimi nilisema hivyo. Sasa ile plagi imewekwa kwa ajili ya kuchaji simu au taa ndogo, waya wake mwembamba na fyuzi yake mara nyingi ni ampea 5 au 10, we unaning'iniza amplifaya inayotoa wati 100 za kweli (sio zile zilizoandikwa kwenye boksi), kwa volti 12 hapo tayari ni ampea 8 na ushee, na bado kuna moto inaoupoteza kama joto, kwahiyo besi ikigonga tu fyuzi inakata.

Yangu ilikata mara mbili nikaweka ya 20. Hapo ndo nilikosea vibaya. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, ukiweka kubwa kuliko waya unavyohimili basi waya wenyewe ndo unaungua. Plagi ikayeyuka, ikashikana na waya za taa ya mbele, taa ikazima usiku niko barabarani na gari linakuja mbele yangu. Namshukuru Mungu nilikuwa mwendo mdogo.

Moto wa amplifaya utoke kwenye betri moja kwa moja, waya mnene, kwa amplifaya ndogo waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha na fyuzi ya ampea 15, na hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri maana kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, kikichubuka kikagusa fremu kinawaka. Ile plagi ya ziada iachiwe kazi ya kuamsha rilei tu, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Fuata namba zilizoandikwa kwenye miguu yake: 86 kwenye plagi, 85 kwenye negativu, 30 kwenye betri kupitia fyuzi, 87 kwenye amplifaya. Koili ya rilei (ile sehemu inayoiamsha) inakula chini ya robo ampea, plagi haitahisi kitu. Kama amplifaya yako ina waya wa rimoti (ule mwembamba wa kuiamsha tu) hata rilei huhitaji, unaunga huo kwenye plagi basi. Negativu nayo irudi betri, usifunge kwenye bolti yoyote ya fremu, ule mlio wa wiii unaopanda ukivuta mafuta mara nyingi unatokea hapo.

Halafu pima betri injini ikiwa inaunguruma na muziki uko juu. Ikisoma volti 13.5 kwenda juu uko salama, ikiwa chini ya 12.6 chaji haitoshi, unakula betri, punguza sauti au tafuta amplifaya ndogo zaidi.

Na ukipeleka kwa fundi mwambie kabla hajafunika siti akuonyeshe fyuzi ameiweka wapi.

Msomaji wenu, mwendesha pikipiki