Usiitikie usichokielewa: barua kwa mwanangu anayeanza kazi

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako amenionyesha ujumbe wako: Jumatatu unaripoti kiwandani, na siku hiyohiyo utapewa mkataba usaini. Nimefurahi mno. Ila kinachoninyima usingizi ni kule kuitikia kwako. Kwa kuwa husikii, mtu akisema haraka ukashindwa kusoma midomo yake, unatikisa kichwa ili asichoke nawe. Hapa nyumbani mara nyingi tuliongea bila lugha ya alama, ukazoea hivyo. Kazini usiitikie usichokielewa.

Mkataba usiusaini palepale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akueleze masharti kwa namna unayoielewa, na kwako wewe namna hiyo ni lugha ya alama. Omba mkalimani, hata kwa video ya simu. Waulize CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wakuelekeze. Angalia kazi utakayofanya, tarehe ya kuanza, muda wa majaribio, mshahara kabla na baada ya makato. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukikuta karatasi ya kukubali makato imebanwa pamoja na mkataba, itenge uisome peke yake. Na ujue kuwa kabla hujatimiza miezi 6, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki bado haijakufikia. Ndiyo maana nakusumbua na huku kuitikia.

Kwenye cherehani, msimamizi akikuuliza "umeelewa?" usijibu ndiyo. Mwombe sampuli iliyokamilika, andikeni pamoja upana wa mshono kwa sentimita, kisha ushone kipande kimoja mbele yake kabla hujafungua fungu zima la vipande. Kosa la upana likipita kipande cha kwanza linajirudia fungu lote, na kufumua kunakula muda kuliko kushona. Sindano ikikatika hutasikia mlio, kwa hiyo kiganja kiwe mezani uhisi mtikisiko, na macho yapitie mshono mara kwa mara. Simamisha mashine, okota vipande vyote, vipeleke kwa msimamizi ndipo upewe sindano mpya. Kipande kilichobaki kwenye nguo humchoma mvaaji.

King'ora cha moto nacho. Omba taa ya kuwaka na kuzima juu ya mstari wenu, na nyingine chooni, maana huko unakuwa peke yako na ndiko mtu husahaulika. Chagua wenzako wawili wa kukugusa bega, si mmoja, kwa kuwa mmoja anaweza asije kazini siku hiyo. Siku ya kwanza tembea mwenyewe hadi mahali pa kukusanyikia. Ukielekezwa kwa kidole tu, usiitikie. Nenda ukapaone.

Wala asikuambie mtu kwamba umeingia kwa huruma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu, wasiopungua asilimia 3. Na cheti chako cha ufundi cha VETA hukupewa kwa kuonewa huruma. Mishono yako imenyooka kuliko ya mafundi wa mtaani kwetu. Ila wewe na kuchelewa! Daladala za asubuhi hazikungojei. Tafuta chumba karibu, hata kama ni kidogo.

Mshahara wa kwanza usitume nyumbani wote. Lipa kodi ya chumba, weka nauli ya mwezi. Bati la jikoni linavuja upande wa kuni, fundi kasema atakuja Jumamosi, hilo tutalimaliza sisi. Mdogo wako anataka viatu vya shule, mwambie asubiri.

Simu ya baba yako kioo kimepasuka, haionyeshi vizuri. Piga video kwa shangazi yako baada ya saa 1 jioni, nami nitakuwa huko. Iegemeze simu mbali kidogo, mikono yote miwili ionekane, unisomee mkataba mstari kwa mstari kabla hujausaini.

Mama yako