YAH: MALALAMIKO KUHUSU DARASA LA PICHA ZA WANYAMA KWENYE SAFARI YA SVALBARD

Iringa Mjini,
Agosti 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Mada ya hapo juu yahusika.

Mimi ni mwongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa Ruaha. Julai mwaka huu nilisafiri na meli yenu kwenda Svalbard, Norwei, na mbali na nauli nililipia darasa la picha. Ada ya darasa hilo ndiyo ninayoidai.

Tangazo lenu liliahidi mwalimu atakayekuwa nasi sitahani na kwenye boti za mpira. Tuliyempata alifundisha ukumbini tu, jioni, akituonyesha picha zake za zamani. Dubu wa barafu alipoonekana, mwalimu alipanda boti ya wageni wa daraja la juu, sisi tukaachwa tuhangaike. Weupe wa theluji huidanganya kamera ikapunguza mwanga, theluji ikatoka ya kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga stopu moja au mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu), jambo la kuelezwa palepale kwa dakika moja. Mzee mmoja tuliyekuwa naye aliingiza kamera yake chumbani kutoka kwenye baridi, lenzi ikajaa umande. Hakuna aliyemwambia aifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Nilimhurumia sana.

Linaloniuma zaidi ni lenzi. Barua pepe yenu ilisema lenzi ya milimita 200 inatosha; kadiri milimita zinavyozidi, ndivyo lenzi inavyovuta karibu vitu vya mbali. Kwa Ruaha, ambako tembo husogea hadi karibu na gari, sawa. Lakini tangu Januari 1, 2025, sheria ya Svalbard inakataza kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia Machi hadi Juni ni mita 500. Naiunga mkono sheria hiyo, maana nimeona magari yakimzonga simba hadi akaacha windo lake. Ila ninyi mnaendesha meli huko, mliijua. Kwenye picha zangu dubu ni nukta. Mngesema mapema, ningeazima lenzi ndefu.

Nilikusudia kuwafundisha vijana wanaoanza kazi hii hapa Iringa, kwani wageni huwauliza sana mambo ya kamera. Ninachowapa sasa ni nilichojisomea mwenyewe.

Naomba mnirudishie ada yote ya darasa, na msahihishe maelezo ya lenzi kabla ya kuuza safari za msimu ujao. Nimeambatanisha stakabadhi, nakala ya tangazo na barua pepe yenu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja na mwongoza watalii,
Iringa.