Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: tulionusurika nasi tupokeleweni

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Sikuandikii kwamba nimeibiwa. Sijaibiwa, na hapo ndipo penye shida, maana nilipoenda kuripoti utapeli wa linki ya zawadi feki niliyotumiwa kwenye simu, swali la kwanza lilikuwa umepoteza kiasi gani, nikasema sijapoteza, jamaa wa kaunta akafunga daftari. Akaniambia hujaibiwa huna kesi, siku nyingine uwe makini.

Hebu fikiria mheshimiwa. Aliyeibiwa anakuja kwenu baada ya wiki nzima ya kuona aibu, wakati huo linki imeshakufa, namba imezimwa, hela imehamishwa akaunti kibao. Mimi nimekuja linki inafunguka, namba inaita, na tapeli mwenyewe bado ananitumia meseji eti "mshindi wetu muda unaisha". Sasa nani ana ushahidi wa maana hapo?

Na msituone mabwege, hii kitu imetengenezwa na watu wenye akili. Linki nilitumiwa na ndugu yangu wa damu, kumbe naye katumiwa, kwa sababu ili upewe zawadi lazima kwanza uisambaze kwenye magrupu. Unachagua boksi, la kwanza tupu, la pili simu mpya kabisa, na hakuna anayekosa la pili, nilikuja kujaribu kwenye simu nyingine ikawa vilevile. Saa inahesabu kurudi nyuma, ukirefreshi inaanza upya. Chini kuna komenti za washindi wanamshukuru Mungu, ukibonyeza jina la mtu halifunguki maana yote ni picha tu. Na ile alama ya kufuli kwenye brauza, kando ya anwani ya tovuti, ipo! Tuliambiwa tuangalie kufuli, wakati kufuli linaonyesha tu kwamba unachotuma kwenye hiyo tovuti hakisomwi njiani na wengine, kama mwenye tovuti ni mwizi basi unamtumia mwizi kwa usalama kabisa.

Mimi nilishajaza mpaka namba za kadi, eti ada ya usafirishaji. OTP ikaingia, yaani ile namba ya siri ya mara moja ambayo benki inakutumia kuthibitisha malipo, kabla ya zile tarakimu benki wameandika unaidhinisha malipo, na kiasi kinazidi ile ada mara nyingi mno. Mtu anayepewa zawadi anaidhinisha malipo ya nini? Nikapiga benki kadi ikafungwa.

Ninachoomba ni namba moja fupi, ya bure, ya kufowadia meseji za hivi bila kuulizwa hasara. Uingereza na Marekani wanazituma kwenda 7726 na kampuni za simu zinazifanyia kazi, kwa hiyo siombi muujiza. Ila isiwe namba ya kujibiwa "asante kwa taarifa" alafu kimya, ikiingia linki benki na mitandao ya simu wajue siku hiyohiyo, kwa sababu hizi kurasa haziishi muda mrefu, wanafunga wenyewe wanafungua nyingine.

Alafu mtangaze wazi kwamba ofisi zenu hazitozi ada kumrudishia mtu hela iliyoibiwa, maana walioibiwa wanafuatwa tena na matapeli wanaojiita maofisa, wanaliwa mara ya pili.

Skrinshoti zote ninazo, namba ya tapeli ninayo. Niambieni tu nizilete dirisha lipi.