Kwa walimu vijana wa Mwanza, kuhusu zile sentensi za ziada

Mwangaluka wanangu. Mimi chaki nilishaiweka chini, ila madaftari ya wajukuu bado yananipitia mkononi na kuna kitu nakiona humo, nikaona niwaandikie wote kwa mpigo, wa msingi na wa sekondari, kuanzia Igoma mpaka Ukerewe huko.

Kwenye zoezi la ufupisho mnawapa watoto aya, mnawaambia toeni sentensi isiyohitajika. Sawa. Ila mnayoipandikiza iko wazi mno, aya ni ya dagaa halafu katikati eti "Juma ana baiskeli mpya", sasa hapo umempima nini? Jaribuni hivi: aya ya kuvua dagaa kwa taa, weka "Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika", weka na "Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950". Wengi wataitoa ya mwezi manake haitaji samaki, ya sangara wataiacha kisa ina samaki, ina ziwa na ina mwaka, na mwanafunzi akiona mwaka anaogopa kuugusa hahaha. Kumbe ya mwezi ndiyo inaonyesha kwamba taa inavuta dagaa vizuri gizani, na ya sangara ni kweli tupu ila aya haiihitaji.

Na msitegemee darasa la tano waone anachoona wa kidato cha nne. Brown na Smiley, watafiti wa Marekani, mwaka 1977 waliwapa wasomaji wa umri tofauti hadithi wapange kipi kina uzito na kipi hakina: wa miaka 8 waliona vyote sawa tu, wa miaka 10 wakaweza kuchomoa yale makubwa, kutenganisha ngazi zote wakaweza wa miaka 18. Kwa hiyo ukimchapa mtoto kwa hilo unamwonea.

Halafu kidato cha kwanza. Mtoto alikuwa anachuja vizuri kwa Kiswahili, akipewa aya ya Kiingereza anabakiza kila asichokielewa, anahofia ndicho cha maana. Huyo hajasahau kazi, kakwama kwenye msamiati, mfungulieni maneno kwanza.

Mkisahihisha msiishie kwenye tiki na mkasi. Muulize, ukiitoa hii ipi nyingine inabaki inaning'inia? Akiwa na hoja mpe maksi hata kama kachagua tofauti na wewe.

Nina aya zangu za zamani za ufupisho, za pamba na za kivuko, anayezitaka apite nyumbani Nyakato jioni azinakili, ila kalamu aje nayo.